Upepo wa Abti

Sisi tuliokulia Garissa hatujui mlima. Nchi yetu ni bapa kama anjera. Ukitaka kupanda juu, panda ghorofa. Kwa hiyo abti, mjomba wangu, alipoamua twende kuliona Ziwa Paradiso, lile lililojificha ndani ya kreta juu ya Mlima Marsabit, alibeba elimu aliyokuwa nayo: ya mchanga.

Kwenye mchanga, punguza upepo. Tairi likilegea hutandaa kama unyayo wa ngamia, likapita juu badala ya kuchimba. Kwenye laga moja, mto mkavu wa mchanga, kabla ya Modogashe ujanja huo ulituokoa, na abti akatabasamu mpaka Isiolo. Hapo tukajaza upepo, tukashika lami ya Moyale.

Langoni mwa mbuga askari alituonya kwamba mvua ilinyesha usiku kucha. Abti akashuka, akatoa upepo matairi yote manne.

"Abti, huku ni mawe," nikasema. (Nilinong'ona, gari ni lake.)

"Abti," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, mtu asijue nani anamshauri nani, "tairi ni tairi."

Mlima ule ni volkano ya kale. Chini ya matope mekundu kuna mawe meusi yenye makali, na kona ya tatu tukasikia *pfff*. Spea tulikuwa nayo. Jeki tulikuwa nayo, ila ilizama matopeni polepole, kama mzee anayeingia kitandani. Kitu bapa pekee garini kilikuwa sinia la mama, lililokuja na pilau. Jeki ikasimama juu ya sinia.

Mimi nilipewa zamu ya kutazama ndovu. Huo ndio mlima wa Ahmed, ndovu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalum mwaka 1970, akalindwa mpaka alipokufa mwaka 1974. Mimi nililindwa na spana ya magurudumu.

Tulipofika ukingoni, kreta yote ilikuwa imejaa ukungu mweupe kama maziwa ya ngamia. Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga filamu hapa miaka ya 1920, waliishi kando ya ziwa hili kwa miaka. Sisi tulikuwa na nusu saa. Ghafla ukungu ukapasuka: maji, msitu, nyati wanakunywa. Abti alikuwa ameinama, anapima tairi kwa kidole gumba.

"Abti, tazama!"

Akageuka. Weupe mtupu.

"Nimeliona," akasema, akapiga picha.

Nyumbani mama hakuitazama picha. Aligeuza sinia, akapitisha kidole kwenye shimo la katikati, akamuuliza kaka yake:

"Na hii ni kreta gani?"