Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: mita 60 za Msimbazi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima naomba uipokee barua hii, na kabla sijafika mbali nakuomba radhi kwa kuiandika hadharani badala ya kuileta ofisini kwako kama adabu inavyotaka. Najua meza yako imejaa mafaili, na kila faili lina watu wanaolisubiri. Nimeiweka wazi kwa sababu jambo lenyewe ni la wengi, nami nisingependa lionekane ombi la nyumba moja ya Vingunguti.

Niruhusu kwanza nilisifu jiji, usije ukadhani naandika kwa kulichukia. Ukipita Barabara ya Nyerere saa kumi na mbili asubuhi, kutoka TAZARA kuelekea uwanja wa ndege, utawakuta vijana wamesimama mbele ya mageti ya viwanda. Hao ni vibarua. Mnyapara hutoka na daftari lake, anaangalia nyuso, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Aliyeachwa harudi nyumbani. Anavuka barabara kwenda geti jingine, ambako bado hawajaingiza watu. Pembeni mama ntilie ameshaepua maandazi na supu inachemka. Anamkopesha chai aliyechaguliwa, na mara nyingine hata aliyeachwa, kwa ahadi ya jioni. Jioni ikifika pesa hiyo inagawanywa: nauli, unga, kodi ya chumba, na kinachosalia kinatumwa kwa simu Kasulu, au Kondoa, au Newala. Mheshimiwa, ni sehemu chache sana za nchi hii ambapo mtu aliyeshuka jana kwenye basi, asiye na cheti wala mjomba mwenye cheo, anaweza leo jioni kushika ujira wake mkononi. Kwa hilo tunaipenda Dar es Salaam, na tunaipenda kweli.

Wazee wetu nao waliingia kwa mlango huo huo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi pale Ubungo mwaka 1968, kwa msaada wa China, na kikawafundisha watu kusokota, kufuma na kutia rangi vitenge na kanga. Leo jina hilo hilo ni la kituo cha mwendokasi. Sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728 mkoani kwako. Watu wanaendelea kuja, maana kazi ipo.

Sasa, kwa ruhusa yako, niseme kilichonileta.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita mitaa yetu ya viwanda, unashuka Jangwani na kuingia baharini pale Salander. Huku kwetu kuna mahali bomba linatokea chini ya ukuta. Siku nyingine maji yake hayana kasoro ya kuonekana. Siku nyingine yanatoka na rangi, au na povu zito linaloganda kwenye magugu hadi mchana, na harufu inayokwaruza koo. Hatua chache kuelekea chini kuna matuta ya mchicha na matembele. Mkulima anachota mtoni, anamwagilia. Alfajiri anang'oa, anaosha mizizi kwa maji yale yale ili mafungu yapendeze, na jua likichomoza mboga iko sokoni Buguruni. Watafiti wamepima maji, tope na mboga za bonde hili kwa miaka mingi, na wamekuta metali nzito, ikiwemo risasi. Risasi haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kuchemsha. Na mnunuzi, Mheshimiwa, ni yule yule kijana wa getini, kwa kuwa fungu la mchicha ndiyo mboga ambayo ujira wake unaimudu.

Sitaki kuwabebesha wenye viwanda mzigo wote. Mitaani pia kuna wanaotapisha vyoo mvua zikinyesha, na hilo nalo linauumiza mto.

Lakini naomba nikukumbushe namba moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Watu wa bondeni wanaifahamu namba hiyo vizuri sana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia zilihamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zilipigwa alama ya X na kubomolewa. Sibishani na uamuzi huo. Maji ya Msimbazi yameua watu, na huenda kuna waliohamishwa ambao wako hai kwa sababu hiyo. Ninachoomba kwa unyenyekevu ni kwamba sheria iliyopima nyumba ipime na bomba. X ilikuwa ukutani, kila mpita njia aliisoma. Bomba halina alama. Maofisa wanakuja, wanachukua sampuli kwenye chupa, wanaondoka, na sisi tunaoishi upande wa chini hatuelezwi kilichopatikana.

Ombi langu, basi, ni karatasi. Matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka katika kila kiwanda kinachopakana na mto yabandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili: tarehe, mahali, kilichopatikana, na kiwango kinachoruhusiwa. Naelewa kwamba kupima si kazi ya ofisi yako. Kuna wa mazingira, kuna mamlaka ya maji, kuna Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, kuna halmashauri. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, kwani kila mmoja wao ana kipande chake cha mto, na kiti chako kinaweza kuwaita wote siku moja.

Nakusihi usinielewe kwamba naomba mageti yafungwe. Kiwanda kikifungwa wiki moja, mama ntilie anabaki na madeni na Kasulu hakutumwi kitu. Wapo wenye viwanda waliojenga mitambo ya kusafisha majitaka kwa gharama kubwa, na jirani yao anayemwaga bure anauza bidhaa kwa bei ya chini kuliko wao. Karatasi ile itawatendea haki hao kwanza.

Nakumbuka pia Tabata. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia dampo la Halmashauri ya Jiji. Mahakama ikawasikiliza, na ikaliona suala hilo kuwa la haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Nalitaja kwa heshima wala si kwa kutisha, hasha. Nalitaja kwa sababu wale walilazimika kufika mahakamani kudai hewa safi, na mimi naamini safari hii mazungumzo yanatosha.

Tena wakati ni huu. Serikali imeanza mradi mkubwa wa kuendeleza bonde la Msimbazi, na ndani yake imo bustani ya umma ambayo watoto wetu watachezea. Maji yatakayopita katika bustani hiyo ni haya yanayotoka huku juu kwetu.

Ukiona vema kujaribu mahali pamoja kwanza, naomba pawe Vingunguti. Nitakuja wakati wowote utakaoniita, na kwa idhini yako nitafuatana na wakulima wawili watatu wa mchicha wakueleze wenyewe siku na saa ambazo maji hubadilika rangi, maana wao wanazijua.

Nakutakia afya njema na kazi njema, wewe na wasaidizi wako wote.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Vingunguti, Wilaya ya Ilala