Sababu Tano za Kukipangishia Kimeng'enya Chumba

Kimeng'enya kinafanya kwenye maji ya uvuguvugu kazi ambayo kiwanda kingeifanya kwa moto na tindikali. Shida yake ni kudeka: joto likizidi kinakunjuka, na kazi ikiisha kimeshapotelea kwenye mchanganyiko. Dawa ni kukitafutia chumba. Haya, tuhesabu kutoka mkiani.

5. Kinarudi kazini. Mwaka 1916 wanakemia Nelson na Griffin walishikiza kimeng'enya cha invatesi kwenye mkaa, nacho kikaendelea kuvunja sukari vilevile. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ikaanza kutengeneza asidi amino kiwandani kwa njia ya namna hiyo. Chuja, suuza, rudisha. Likizo hakuna!

4. Nafasi si ya kugombania. Viunzi vya metali na molekuli za kaboni, vilivyowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025, vimejaa vitundu. Gramu moja ya baadhi yake ina eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 7,000. Dalali gani atakuonyesha chumba kama hicho?

3. Hakuna kubanana. Kiunzi cha PCN-333 kina vizimba vya nanomita 5.5. Kimeng'enya kimoja cha peroksidesi, kizimba kimoja, basi.

2. Mlango unachagua wageni. Matundu ya kiunzi cha ZIF-8 yana upana wa nanomita 0.34 hivi. Molekuli ndogo kama haidrojeni peroksaidi inapita. Vimeng'enya vinavyokula protini vinabaki nje na njaa yao. Ila molekuli pana unayotaka ichakatwe nayo itakwama hapohapo, kwa hiyo pima kwanza.

1. Nyumba inajengwa mpangaji akiwa ndani! Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Chukua maji yenye kimeng'enya, tia methilimidazoli, kisha chumvi ya zinki. Huwashi moto, huhitaji kiyeyusho kikali. Maji maangavu yanageuka meupe mbele ya macho yako, kwa sababu protini yenyewe inavuta ayoni za zinki na fuwele ya ZIF-8 inaota kuizunguka. Kimeng'enya ni kikubwa kuliko matundu, hakitoki tena. Mwaka 2015 watafiti nchini Australia walichemsha kwenye maji peroksidesi iliyofungwa hivyo. Ilipotolewa kwenye maji hayo ikaendelea kuchapa kazi, wakati ile isiyo na chumba iliharibika.

Angalizo moja kwa anayetaka kujaribu: ZIF-8 inayeyuka kwenye asidi. Kwa kazi za uchachu, chagua viunzi vya zirkoni.