Hamira Haitaki Ubabe

Nilianza na kilo moja ya unga wa ngano, tui la nazi, sukari, iliki, hamira, na kiburi kisicho na kipimo. Mke wangu alikuwa Lamu akimuuguza mama yake, nami nikaapa akirudi Mombasa atakuta mahamri mezani. Mtu aliyekula mahamri kwa mbaazi za nazi miaka arobaini, atashindwaje kuyapika?

Tui nililitokosa, nikalimimina lilivyo juu ya hamira. Nikakanda, nikafunika, nikalala. Alfajiri nafunua: donge liko vile vile nilivyoliacha, linanikodolea macho. Nikalikaanga hivyo hivyo, maana unga si wa kutupa. Kitinda mimba wangu aliuma moja, akalitazama, akalirudisha sahanini kwa adabu ya mgeni. Jingine tulilitumia kuzuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Lilifanya kazi hiyo wiki nzima.

Karne ya 19, Louis Pasteur alithibitisha huko Ufaransa kwamba hamira ni kiumbe hai. Mimi nilithibitisha kwamba hufa.

Mara ya pili nilijitia mjuzi: tui likawa vuguvugu, lakini hamira nikaitia vijiko vinne, kufidia ile marehemu. Ilikuwa kaskazi, joto usiku kucha. Asubuhi donge lilikuwa limeinua kifuniko, limetoka sufuriani, limeshika njia kuelekea kwenye sinki. Jirani yetu, bi mkubwa asiyepitwa na harufu, akaniita dirishani.

"Baba Salma, siku hizi mnagema?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile tui la kwanza. Akashika kiuno.

"Mwanangu, mtoto mchanga ungemwogesha kwa maji ya chai?"

Akanionyesha: kidole cha mwisho ndani ya tui, ukiweza kukiacha humo bila kukunja uso, basi. Hamira kijiko kimoja kwa kilo. Nilimshukuru, nikaenda nikaharibu mara ya tatu, safari hii kwa papara: mafuta hayajashika moto, mimi nimeshatosa. Yale mahamri yalikunywa mafuta mpaka ungeweza kuyakamua kama nguo iliyofuliwa. Hili bi mkubwa sikumwambia.

Mara ya nne nikatanguliza kipande kidogo cha donge karaini. Kilipoibuka mara moja kikichemka pembeni, nikatia hamri la kwanza. Likazama, likaibuka, nikalimwagia mafuta juu kwa upawa, likafura! Nilipiga kelele kama nimefunga bao, watoto wakatoka vyumbani wakidhani nimeungua. Nilikuwa nimeungua pia, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Mke wangu aliporudi alikula matatu, akafuta vidole, akauliza nimeyanunua kwa nani. Nikaita mashahidi. Bado haamini.

Jumamosi napika mbaazi. Bi mkubwa nimeshamwomba asitoke nyumbani.