Muulize Shangazi wa Nyaya

*Shangazi, shikamoo. Nilinunua sabufa yenye tundu la optikali, nikaenda Kariakoo kununua waya wake, nikaiunganisha na runinga. Taa zinawaka, sauti hakuna. Nimebadilisha waya mara mbili, na sasa muuzaji akiniona anajifanya anasali. Mke wangu hasemi kitu, ananitazama tu.*
– Kimya wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Mwache muuzaji amalize sala zake, huenda hana kosa. Tuanze na la aibu ili lipite: waya wa optikali hutoka dukani umevaa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili. Watu wazima, wenye shahada na viwanja vyao, huusukumiza tunduni ukiwa bado umevaa, kisha wakalaumu China. Vua vyote viwili.

Kama ulishavua, chomoa ncha ya upande wa sabufa uitazame. Ukiona kitone chekundu, basi runinga inasema, ila sabufa haielewi inachoambiwa. Njia hiyo inaitwa S/PDIF, herufi zilizoficha majina ya Sony na Philips, na hupitisha mazungumzo ya namna mbili: sauti ghafi ya chaneli mbili, yaani PCM, au chaneli sita zilizobanwa na kufungashwa kwa mtindo wa Dolby Digital au DTS. Runinga ikituma furushi na sabufa haina wa kulifungua, unapata kimya, au mkwaruzo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga. Pale palipoandikwa Auto au Bitstream, weka PCM.

Jiandae na jambo moja: kwa njia hii, rimoti ya runinga mara nyingi haitaweza kupandisha wala kushusha sauti ya sabufa. Ukitaka rimoti moja itawale nyumba nzima, tafuta tundu la HDMI lenye maandishi ARC, kwenye runinga na kwenye sabufa pia. Maandishi hayo yalianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, na ni tundu hilo tu linalofanya kazi hiyo, si jirani yake. Vinginevyo utakuwa na rimoti mbili. Ya sabufa mpe mkeo. Ushauri huo wa mwisho si wa kiufundi.

*Shangazi, nyuma ya redio yangu kuna tundu la dijitali la rangi ya chungwa. Fundi wa mtaani kaniwekea ule waya wa njano wa AV, wa picha. Nimeibiwa?*
– Mwenye Mashaka, Likoni

Hapana. Waya wa picha hutengenezwa kwa omu 75, na hizo ndizo tundu hilo linazozitaka. Mlipe fundi.

*Shangazi, hapa Maskati nimeonyeshwa waya wa optikali wenye ncha za dhahabu. Muuzaji anaapa kwamba dhahabu inanenepesha besi. Bei yake inatosha mbuzi wa Idi. Ninunue?*
– Mpenda Besi

Nunua mbuzi.

Dhahabu ina kazi yake. Inapakwa pale chuma kinapogusana na chuma ili umeme upite, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu; kwa sisi tunaoishi na upepo wa chumvi, ncha ya namna hiyo kwenye waya wa shaba si upuuzi. Lakini ndani ya waya wa optikali hakuna umeme. Kuna mwanga mwekundu unaowakawaka ndani ya uzi wa plastiki, na mwanga haujali mahari. Toshiba walipoitoa pini ya optikali mwaka 1983 waliifanya ya plastiki, nayo ikafanya kazi.

Halafu besi. Kinachopita humo ni hesabu: sufuri na moja. Zikifika salama, umepata besi yote iliyotumwa, hakuna ya kuongezewa njiani. Zikipotea utasikia sauti inakatika au inatoa tik-tik, basi. Ukitaka besi nene, sogeza spika karibu na kona ya chumba. Kwa waya wa kawaida, zingatia mambo mawili: usizidi mita tano, maana plastiki huchosha mwanga, na usiupinde kwa nguvu nyuma ya kabati.

*Shangazi, salamu katika jina la Bwana. Kanisa letu limechangishana tukanunua miksa ya dijitali. Nyuma ina tundu la kanoni lililoandikwa AES. Kwa kuwa nyaya za kanoni tunazo tele, tulilichomeka kwenye tundu la maikrofoni la amplifaya ya zamani. Ilitoka kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, wazee wakatoka nje. Mchungaji anataka tuombee mitambo.*
– Katibu wa Kwaya, Kisumu

Ombeeni, lakini kwanza zimeni amplifaya.

Katibu, umenaswa na kitu kinachowanasa hata mafundi wa studio: kuingia tunduni si kuoana. Kanoni ile ile ya pini tatu huvaliwa na maikrofoni, inayotoa sehemu ndogo sana za volti. Huvaliwa na sauti ya kawaida ya miksa. Na tangu mwaka 1985 huvaliwa pia na AES3, mtindo uliowekwa na wahandisi wa Audio Engineering Society pamoja na muungano wa watangazaji wa Ulaya, ambao hutuma hesabu kwa volti 2 hadi 7. Ninyi mlichukua mkondo wenye nguvu hiyo mkautia kwenye sikio lililozoea minong'ono, na sikio lenyewe halijui hesabu. Lilijaribu kuziimba.

Kama amplifaya ilikuwa inatoa zile volti 48 za kulisha maikrofoni, hizo nazo zilirudi kuelekea miksa, ambayo tundu lake la kutolea halikuundwa kupokea umeme. Zimeni swichi ya volti hizo kabla ya kugusa chochote.

Kwa amplifaya yenu, tumieni matundu ya miksa yaliyoandikwa Main Out, myapeleke kwenye tundu la Line. Hilo linatosha na Jumapili mtaimba. AES iacheni mpaka mpate kifaa kingine chenye tundu la kuingilia la AES. Siku hiyo nunueni waya wa omu 110. Waya wa maikrofoni huweza kufaa kwa mita mbili tatu, lakini kutoka madhabahuni hadi mwisho wa ukumbi ni kucheza kamari ndani ya kanisa.

Na siku hiyo ikifika, kifaa kimoja kiwe ndicho kinachopiga saa, vingine vyote vifuate. Wanaharakati mnisamehe, nyumba ya dijitali haijui usawa: wakuu wawili wakipiga saa kila mmoja na yake, hata wakiwa wote kwenye 48,000 kwa sekunde, watapishana kidogo kidogo na mtasikia tik-tik katikati ya pambio. Mkuu akiwa kwenye 48,000 na mwenzake kwenye 44,100, yaani kasi ya CD, msishangae pambio likipanda au kushuka ufunguo.

*Shangazi, kompyuta yangu ya zamani aina ya MacBook inatoa mwanga mwekundu kwenye tundu la hedifoni, na spika zake zimenyamaza. Bibi anasema nitafute mtu wa kuisomea.*
– Mwoga wa Ng'ambo, Unguja

Si jini. Hadi kufikia mwaka 2016, tundu hilo la MacBook Pro lilificha optikali ndani yake. Kuna kijiswichi kimekwama, na kompyuta inadhani umechomeka waya wa mwanga. Ingiza pini ya hedifoni na kuitoa taratibu mara kadhaa mpaka mwanga uzimike. Bibi msalimie.

Mtakaoniandikia wiki ijayo, msinieleze umbo la tundu wala rangi ya waya. Nisomeeni maandishi yaliyo kwenye tundu la kutokea na la kuingilia, herufi kwa herufi, na mseme waya una mita ngapi. Barua isiyo na hayo sitaijibu.