Sifa za Pembetatu

Wengine wamsifu simba. Mimi leo namsifu pembetatu, kidudu kisicho na rangi wala kivuli, ambacho tangu 1987 huja kwa maelfu ndani ya mafaili ya STL, yale yanayohifadhi umbo la kitu kwa pembetatu tupu, kutukosesha usingizi sisi wachoraji wa kompyuta.

Kwanza, ni mnyoofu. Nukta nne zaweza kujikunja; tatu hulala daima kwenye bapa moja, kama mafiga yanavyokipokea chungu bila kuyumba hata sakafu ikiwa na mashimo.

Pili, ni mkarimu. Sanduku likichorwa kwenye programu, pembetatu 12 hulitosha. Juzi nilipitishia skana sanduku la betri, wakaja 200,000! Kila mmoja kakalia baiti zake 50, hakuna aliyependelewa. Jumlisha na 84 za ufunguzi, faili zima baiti 10,000,084. Karani gani ana hesabu safi namna hiyo?

Tatu, ni msiri. Hamjui jirani yake japo wanachangia ukuta. Ukimuuliza kama ametoka kwenye milimita au inchi, kimya. Ndiyo maana kifuniko cha chupa kiliwahi kunifungukia kikubwa kama sinia la pilau.

Nne, hufundisha subira. Mteja alitaka upande mmoja bapa atoboe tundu. Nikagusa pembetatu mmoja, nikaiagiza programu ikusanye wenzake wasiopishana naye mwelekeo zaidi ya digrii moja. Ikakusanya wachache, ikakwama kwenye kijivimbe chembamba kama unywele. Nikaruhusu digrii tano. Ikapanda ukingo wa mviringo, ikateremkia upande wa pili. Basi nikachagua kwa mkono, nikapitisha bapa katikati ya nukta, nyingine juu, nyingine chini. Nikafanya hivyo pande zote sita, nikazirefusha zikatane, nikakata mabaki, nikashona. Jua likazama.

Fundi lipu anaijua siri hii: ukuta ulionyooka machoni, ukiwekewa ubao, mwanga hupenya chini yake. Sanduku lile nalo halikuwa bapa hata siku moja. Pembetatu waliusema ukweli huo tangu asubuhi, mimi ndiye niliyeupiga lipu.

Mteja alipotazama mchoro akasifu: "Umenyooka kuliko sanduku lenyewe!" Nikashukuru. Mashahidi 200,000 walikuwapo, na hakuna aliyefungua mdomo.