Namna ya Kupiga Windo Bila Kupiga Windo

Fundi wangu wa Zombo, hongera. Una meza, una bisibisi, una flashi yenye windo ndani. Mwalimu amebebesha CPU ya shule kwenye bodaboda, imeviringishwa kanga, na maneno yake ni yale ya mwezi uliopita: "Intaneti inakuja, inakata." Tulia, tufanye kazi.

Kwanza, guna. Ipindue CPU, ipulize vumbi, sema neno moja tu: "Windo." Mguno ni nusu ya bei. Mtu hajala vumbi la njia nzima ili aambiwe bando limeisha. Hilo mwanawe angemwambia bure. Mpe pole, mwambie arudi jioni, na aache na waya wake wa mtandao.

Pili, akishageuza mgongo, flashi irudishe mfukoni. Washa, tazama saa ya pembeni. Ikisoma Januari 2015, umeshakula. Kompyuta inayoamini ni 2015 hugombana na tovuti nyingi, maana vyeti vyao vya usalama kwake bado havijaanza kutumika. Umerekebisha saa mwezi uliopita? Umeme ulipokatika ikarudi nyuma tena. Mchawi ni kibetri cha duara kilichokufa, CR2032, saizi ya sarafu. Ukichelewa kukipata, mwambie mwalimu kifaa kinatoka Ulaya. Hujasema uongo: Ulaya ni kata, ipo humu humu Kilosa, na hata ukikiagiza Mikumi mjini hatakuuliza ramani.

Tatu, kagua waya. Kichwani una kidole cha plastiki kinachoushika usichomoke. Hicho huvunjika mapema kuliko chochote, kisha waya unakaa kwa imani: mtu akifunga droo, mtandao umekwenda, akiusukuma kwa goti, umerudi. Pia tafuta meno ya panya. Bana kichwa kipya, tupa cha zamani mbali. Ushahidi wa aibu hauachwi mezani.

Nne, hii ifanyie shuleni kwake, CPU ikisharudi, watu wakiangalia. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig. Herufi nyeupe zikishuka, hata mwalimu wa hesabu atanyamaza. Ukiona anwani inaanza na 169.254, kompyuta imebisha hodi kwa rauta, haikuitikiwa, ikajikaribisha yenyewe barazani. Hapo windo jipya ni sabuni kwenye gari lisilo na mafuta. Zima rauta, hesabu hadi thelathini huku umekunja uso, washa. Kwenye risiti andika "kuhuisha mfumo".

Tano, kabla ya yote hayo, ulizia majirani. Nakwambia kwa uchungu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikahema. Mimi nikajifungia ndani nikapiga windo kompyuta tatu. Zikatoka safi kama sahani za Idi, na hakuna hata moja iliyofungua kitu. Mmoja wa wenyewe alikuwa na orodha ya michango ya harusi, nani ametoa na nani ameahidi tu. Mpaka leo nikimwona sokoni napita kwa wauza dagaa.

Mteja akiapa kwamba "humo hamna kitu cha maana", basi, usimwamini. Chungulia. Utakuta folda ya MATOKEO, ya pili MATOKEO MAPYA, ya tatu MATOKEO MAPYA YA KWELI.

Jioni mwalimu atarudi, jasho likimtoka, kwa sababu njiani amekumbuka. Atauliza kwa sauti ndogo kama mafaili yake yamepona. Usijibu upesi. Funga skrubu ya mwisho, futa mikono, mwambie ilikuwa kazi ngumu lakini umeyaokoa yote, hata moja halijapotea.

Sasa taja bei.