Mita Moja, Milango Sita

Wanyarwanda wana utanzu mzima wa ushairi wa kumsifu ng'ombe. Nenda harusi yao yoyote, na wakati wa kukabidhi mahari utamwona mtu ameshika fimbo, anamwaga sifa za ng'ombe ambaye pengine hata uwanjani hayupo: pembe zake, mwendo wake, ukoo wake, wageni aliowashibisha. Hakuna anayecheka. Basi nami naomba niazimwe fimbo hiyo kidogo, nimsifu asiye na pembe wala maziwa, mwenye taa moja nyekundu na vitufe vya namba vilivyofutika: mita ya umeme ya kipangu chetu, yaani ua wetu wa vyumba vya kupanga, hapa Ndera.

Mita ni moja. Milango ni sita. Utukufu wake wote unaanzia hapo.

Kwa msomaji wa mbali, Ndera ni sekta ya wilaya ya Gasabo, mashariki mwa Kigali. Mjini jina hili limeshikamana na hospitali ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa na mabruda wa shirika la Brothers of Charity mwaka 1972, kiasi kwamba ukimwambia mtu wa Nyamirambo kuwa unakaa Ndera, anakuuliza daktari amekuruhusu lini. Utani huu umechakaa lakini hawauachi. Kinachojaza vyumba vyetu siku hizi ni Masoro, lile eneo maalumu la kiuchumi: viwanda vya nguo na vya vyakula, karakana inayounganisha magari ya Volkswagen tangu 2018, na jirani yake vyuo. Mtu wa zamu ya usiku anataka chumba ambacho atakifikia kwa miguu. Mwenye kiwanja analijua hilo, kwa hiyo nyuma ya nyumba yake anainua mstari wa vyumba, anaupaka chokaa, anamwita dalali. Umeme aliuomba yeye zamani, mita ina jina lake, imetundikwa kwenye ukuta wake. Vyumba vimezaliana. Mita ni tasa.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba imetufanya tujuane. Mlango wa kwanza anakaa fundi cherehani kutoka Bukavu, anashona kiwandani. Wa pili kinyozi. Wa tatu vijana wawili wa chuo. Wa nne ni mimi. Wa tano kuna mama mwenye friji, na friji hiyo tutairudia. Mlango wa sita ni nyumba kubwa ya mzee mwenye kipangu. Watu kama hawa wangeweza kuishi pamoja miaka bila kupeana zaidi ya salamu, kila mmoja na kufuli lake. Mita haikukubali. Uniti zikiisha saa nane za usiku, kwanza hupita kimya cha kusikilizana: kila mtu amelala macho wazi gizani, anasubiri mwenzake aamke. Kisha kinyozi anakohoa. Kisha mama wa friji anauliza, bila kumlenga mtu, kama wenzake wameona giza. Dakika chache baadaye tuko uani sote, wengine na kanga, wengine na taulo, tunajadili zamu ni ya nani. Diwani wa kata yoyote angetamani mahudhurio kama hayo. Umuganda, ile kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, una faini kwa asiyetokea. Baraza la mita huitishwa na giza lenyewe, na hakuna aliyewahi kutuma udhuru.

Anayekubali zamu anabonyeza *182#, analipa kwa simu, na ujumbe unaingia wenye tarakimu 20. Yeye anazisoma kwa sauti, mwingine anabonyeza, wa tatu anamulika kwa tochi ya simu, wa nne anakosoa. Na husomwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo Bukavu, Kigali na mimi tunakutana ndani yake bila mtu kujiona mgeni. Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kwetu uani kilipitishwa na mita, bila mjadala, siku kijana wa chuo alipobonyeza sita badala ya saba na mashine ikakataa mara mbili.

Sifa ya pili ni elimu. Wapo wahitimu wa fizikia wasioweza kukuambia pasi inakula nini. Mama wa friji, ambaye shule aliiacha mapema, anakwambia papo hapo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imemaliza uniti 1. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 kabla ya kufika hapo. Simu yako hata ukiichaji kila siku mwezi mzima, haimalizi uniti. Hesabu hizi kipanguni si za mtihani, ni za ushahidi. Mtu akisema “mimi nina taa moja tu na chaja”, jirani anamkumbusha kwa upole birika la umeme lililosikika likichemka alfajiri, na harufu ya mayai iliyotoka kwenye chumba ambacho, kwa maelezo ya mwenyewe, hakina jiko la umeme. Kila mpangaji wetu ni mpelelezi mwenye masikio ya popo. Kiyoyozi hatuna, lakini kingekuwepo tungekijua kwa jinsi jirani anavyokosa jasho.

Mita imetufundisha hata dini za watu. Waadventista, ambao huku Masoro ni wengi kwa sababu ya chuo chao, hupiga pasi Ijumaa kabla jua halijazama. Wakatoliki na Walokole hupiga Jumamosi usiku. Kinyozi wetu ni Mwislamu, kanzu yake huinyoosha Alhamisi. Ukiangalia uniti zinavyoshuka, unaweza kujua ni siku gani ya juma bila kalenda, na unaona kwamba mbele ya mita madhehebu yote yana ukweli uleule: wa pasi.

Sasa nifike kwenye sifa ambayo hairuhusu haraka. Mita hii imetufanya matajiri.

Sitanii. Mdhibiti wa huduma nchini, RURA, alipotangaza bei za umeme mwaka 2020, aliweka ngazi kwa nia njema kabisa. Uniti 15 za kwanza za mwezi ziliwekwa kwa faranga 89 kila moja, ili mnyonge mwenye taa na redio asiogope swichi. Kutoka hapo hadi 50, faranga 212. Zaidi ya 50, faranga 249, kwa wenye majumba na majokofu. Bei hupanda miaka ikipita, lakini wazo la ngazi ni hilohilo: anayetumia kidogo alipe kidogo. Ni haki, na mwenye kuipinga sijui anatetea nini.

Ila ngazi haihesabu watu, inahesabu mita. Chukua milango yetu sita, kila mmoja atumie uniti 15 tu, kiasi cha mtu mnyonge aliyekusudiwa. Kila mlango ungekuwa na mita yake, kwa bei hizo za 2020 wote pamoja tungelipa faranga 8,010 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kuwa tuko kwenye mita moja, mashine haioni wanyonge sita. Inaona bwana mmoja mwenye uniti 90, na bwana huyo kwa bei hizohizo ilikuwa ikimtoza 18,715. Yaani zaidi ya mara mbili, kwa taa zilezile. Mtu mwenye nyumba ya peke yake kule Nyarutarama, mtaa wa wenye nacho, akiwa safarini mwezi mzima na kuacha taa ya getini tu, anauziwa umeme kwa bei ya maskini. Sisi tunauziwa kwa bei ya tajiri. Ni mahali gani pengine fundi cherehani wa mshahara wa kiwandani angepewa heshima ya namna hiyo?

Ndugu zetu wa Dar es Salaam waliokulia nyumba za Kiswahili, vyumba sita na korido moja, wanatabasamu hapa. TANESCO nao waliweka bei nafuu kwa asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba sita inavuka hizo kabla waliochelewa kulipa kodi hawajaanza kukwepa mlango wa mwenye nyumba.

Kutokana na ngazi hizi umezaliwa kipanguni uungwana wa aina ya pekee, nao naupenda kuliko vyote. Mzee mwenye kipangu haamini faranga, anaamini uniti. Kwa hiyo sheria yake ni kwamba kila mlango uingize uniti 15 kwa mwezi, kwa zamu. Inasikika sawa. Lakini kwa bei zile za 2020 anayeingiza wa kwanza, tarehe mosi, analipa kama faranga 1,575 pamoja na kodi. Anayeingiza wa mwisho, uniti zilezile 15, anatoa zaidi ya 4,400. Ndiyo maana ikifika tarehe 30 jioni, wapangaji wanakuwa wema mno. Mtu aliyekuwa akikwepa zamu usiku wa giza sasa anakugongea mlango, anakuuliza hali ya mama yako kijijini, halafu anataja kana kwamba amekumbuka ghafla: “Jirani, kesho usisumbuke, nitanunua mimi.” Mara moja tarehe mosi ilipoingia, ujumbe wa tarakimu 20 uliingia kwenye simu za watu watatu, wote wamenunua kabla ya saa sita na dakika tano, wote kwa kupenda kusaidia. Aliyetangulia kwa sekunde alitusamehe. Wale wawili bado hawajasameheana.

Na friji? Niliahidi. Mama wa friji anauza juisi na maji baridi dirishani, na vijana wa chuo ni wateja wake wakuu, kwa mkopo. Friji inanguruma usiku na mchana, ila mlango wake unaingiza uniti 15 kama mlango wangu wenye taa mbili na kompyuta. Mwalimu Nyerere alitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na akahangaika nalo kwa miaka mingi; hapa Ndera tumeufikia ujamaa bila azimio, kwa njia ya nyuma: wote tunachanga sawa, asiye na friji anampozea juisi mwenye friji, kisha anaenda kuinunua. Nilipomwambia hivyo alinipa chupa moja bure. Nimeinywa. Tangu hapo hoja yangu imepungua ukali, na hiyo nayo ni kazi ya mita, kuondoa ukali.

Mzee mwenye kipangu anahesabiwa mlango mmoja. Nyumba yake ina sebule, vyumba vinne, televisheni mbili, pampu inayopandisha maji kwenye tangi, na wajukuu wa likizo. Mlango mmoja. Kuna mpangaji aliyewahi kuuliza kwa adabu zote, “Mzee, samahani, nyumba kubwa si ingehesabiwa angalau milango miwili?” Mzee hakukasirika. Aliinuka, akaenda hadi barazani, akauonyesha mlango wake kwa kidole. Ulikuwa mmoja kweli. Sisemi kwamba amekosea. Nasema tu kwamba mita ndiyo imempa ubaba juu yetu, maana kodi ya chumba inatukutanisha naye mara moja kwa mwezi, lakini umeme unatukutanisha naye usiku akiwa na fulana ya ndani, tukimwona binadamu, naye akituona wanawe wanaomaliza umeme.

Na hata ugomvi huu una hadhi yake. Mwaka 2009 kaya zilizokuwa na umeme Rwanda hazikufika 10 katika kila 100. Kugombania uniti ni anasa ambayo wazazi wa wengi wetu hawakuipata. Wao waligombania kibatari, na kibatari hakina ngazi za bei.

Maadui wa mita hawakosekani. Kijana mmoja wa chuo ameleta pendekezo la mita ndogo, zile zinazouzwa madukani mjini, moja kila mlango, ili ijulikane nani ametumia nini. Nimemsikiliza kwa huzuni. Mita ndogo itataja uniti, sawa, itamuumbua mwenye birika la alfajiri, itamkuta mama wa friji na hata nyumba kubwa. Lakini mita kubwa itabaki moja, na ngazi zitabaki kwenye mita kubwa. Uniti zako 15, ni zile za ngazi ya chini au zile za ngazi ya juu? Mita ndogo haijui. Mzee naye alipoulizwa alisema jambo hilo ni la wasomi, akaingia ndani kwa mlango wake mmoja.

Kikao kimepangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukitoka umuganda. Mimi nimekwisha kumtumia mzee ujumbe kwamba, kwa ajili ya amani ya kipangu, niko tayari kuubeba mzigo wa tarehe mosi mwezi ujao na miezi yote itakayofuata. Fundi cherehani amejibu kwamba yeye anapenda amani kuliko mimi.